Kadi Nilizozipiga Pasi

Mwalimu,

Nimekosa, na nimeona nikuambie mwenyewe kabla hujasikia kwa mwingine, kama huko mnasikia. Zile kadi zako nilizipiga pasi.

Ulipotuacha mahindi yalikuwa ya kupaliliwa. Sasa Tongaren yote watu wanavuna, na mimi niko hapa ofisini Kitale kwenye meza yako, karibu na lile dirisha lisilofungika. Siku chache baada ya maziko mumeo, Baba Wafula, alinipa boksi la viatu vya gambuti ulimokuwa ukiweka kadi za marejeo, kadi moja kwa kila kitabu au ripoti iliyotajwa katika makala yetu. Akasema, "Nekesa, wewe ndiye unajua hii kazi. Maliza." Kisha akaomba kitu kimoja: makala iwe imetoka kufikia Desemba, siku ya kuweka msalaba kaburini, ili isomwe mbele ya watu, wajue ulikuwa unafanya nini miaka yote ile na wanawake wa Tongaren na majivu yao ya kuhifadhia mbegu. Nikaahidi. Nilikuwa nalia, Mwalimu, ningeahidi chochote.

Kadi zilikuwa zimejikunja kwa moshi na unyevu wa jikoni kwako. Nikatandaza kitambaa, nikazipiga pasi moja moja, kama sare ya mtoto anayeanza shule. Zikalala sawasawa. Nilijivuna kweli.

Jarida lilikuwa limeikubali makala kwa sharti moja tu, marejeo yapangwe upya kwa mtindo wao. Wewe uliyaweka kwa namba. Wao wanataka jina la ukoo, mwaka, ukurasa, na kila nukta mahali pake. Ungecheka. Programu ya kompyuta niliyotumia kuyapanga ilikichukua kile kikundi cha wanawake wa Tongaren ikakiandika "Tongaren, K. W.", kana kwamba ni bwana fulani mwenye tai. Wiki mbili nimegombana na nukta na mikato. Jina lako nalo niliambiwa niliwekee alama ndogo ya msalaba pembeni, ndivyo wanavyofanya kwa mwandishi aliyefariki. Kazi ya kubonyeza mara moja. Ilinichukua asubuhi nzima.

Jumatano mhariri akaandika. Rejeo moja halina ukurasa: ripoti ya maafisa wa kilimo kuhusu majaribio ya majivu kule Kamukuywa. Nilipewa hadi Ijumaa saa kumi jioni, la sivyo nafasi yetu katika toleo hili wanapewa wengine. Na hiyo ndiyo ripoti inayobeba ile sentensi yako uliyoipenda, kwamba majivu ya jikoni peke yake yanazuia wadudu wa dumuzi kwenye mbegu ya mahindi msimu mzima.

Nikaitoa kadi. Mwandiko wako, jina la ripoti, ukurasa hamna. Na kwenye kona ya juu, mstari hafifu wa mahali palipokuwa pamekunjwa.

Hapo nikakumbuka siku ile Sirisia, tumekaa kwa mama mmoja tunamenya njugu, akawa anatusimulia juu ya kijitabu fulani alichowahi kusomewa. Uliandika jina la kile kijitabu kwenye kadi, ukaikunja kona kwa ukucha, ukasema, "Hii bado ni ya kuambiwa." Na jikoni kwako nilikuona mara ngapi na mkasi wa kushonea, umemaliza kusoma kitu, unaikata kona ya kadi unaitupa motoni! Nilidhani ni mazoea tu ya mtu mwenye mawazo mengi. Sikuuliza. Kona iliyokunjwa ilimaanisha hujasoma kwa macho yako. Iliyokatwa ilimaanisha umesoma.

Nikamwaga boksi lote mezani. Karibu kadi zote zilikuwa zimekatwa kona. Nne zilikuwa na kona zote. Uliniachia alama iliyo wazi kabisa, nami nikaifuta kwa pasi, kisha nikaziingiza zote nne kwenye makala kama vitu ulivyovisoma. Nilikuwa nakufanya mwongo, Mwalimu, huku ule msalaba uko pembeni ya jina lako.

Tatu nilizipata siku hiyo hiyo kwenye kompyuta, nikazisoma, zilikuwa sawa. Ya nne haikuwako popote. Alhamisi nilikuwa Bungoma, naulizia ofisi hadi ofisi, mpaka nikaelekezwa kwa mzee anayetunza stoo ya makaratasi. Akaniangalia juu ya miwani. "Ati ripoti ya majivu? Hiyo kalatasi ni ya zamani sana, madam. Si ungekuja kabla panya hazijakula?" Lakini alipanda ngazi, mzee wa watu, akashusha furushi baada ya furushi huku anakohoa. Tuliipata saa nane. Niliisoma nimesimama.

Haisemi hivyo. Inasema majivu yalisaidia pale tu mahindi yalipokuwa yameanikwa yakakauka kabisa. Yaliyotiwa majivu yakiwa na unyevu yaliota ukungu. Aliyekuambia vingine simjui, lakini ulimshuku, ndiyo maana ulikunja kona.

Sasa nikuambie lililo baya. Ijumaa nilikaa hapa tangu asubuhi. Ripoti yenyewe iko stoo Bungoma, inangoja panya. Nani angekwenda kuangalia? Ningeiacha sentensi yako ilivyo, nitie ukurasa wowote, na Desemba Baba Wafula apate alichoomba. Nikaandika "uk. 14". Nikaitazama muda mrefu. Nilimwona kimawazo amesimama kaburini mikono mitupu mbele ya ukoo wote. Na nilikukasirikia. Nilisema kwa sauti, peke yangu humu ndani, kwa nini ulikufa kabla hujaenda Bungoma, si hapo tu? Kwa nini uliniachia mimi?

Ilipofika saa tisa nikaifuta. Nikaiandika upya sentensi yako, sasa ni fupi na haina majivuno, nikaweka ukurasa wa kweli. Nikamweleza mhariri kila kitu, hadi pasi. Nikatuma saa kumi kasorobo.

Jibu lilikuja Jumatatu. Wanashukuru kwa ukweli, lakini kwa kuwa hoja imebadilika, makala lazima isomwe tena na wataalamu wao. Huenda wakaikubali, huenda wakaikataa. Kufikia Desemba haiwezekani.

Nilienda kumwambia Baba Wafula. Alikuwa uani anaanika mahindi. Nilieleza yote bila kumtazama usoni. Aliisimamisha reki yake, nikafikiri amekasirika. Kisha akasema, "Huyo mama, hata nikimwambia chai iko na sukari, alikuwa anaonja kwanza. Wacha wasome tena, bana." Akageuka upande, akaendelea kuyageuza mahindi, na nikaona mabega yake yanatetemeka. Nikachukua reki ya pili nikamsaidia. Tumekubaliana kwamba Desemba tutaleta boksi lenyewe, watu wazione hizo kadi zako zilizokatwa.

Kwaheri, Mwalimu. Makala wakiirudisha nitaipeleka kwingine, na wakiirudisha tena nitaipeleka tena, na hakuna kitakachoingia kwenye orodha ya marejeo kabla sijakisoma mwenyewe. Hiyo nakuahidi, na safari hii silii.

Siku ya maziko mchungaji alisema tutaonana tena. Nilitaka sana kuliandika hilo hapa kama jambo la hakika. Lakini ni la kuambiwa. Kwa hiyo barua hii nimeikunja kona. Siku tukionana, njoo na mkasi.

Wako,
Nekesa