Fumbo la Kumpa Majaliwa

Jumamosi, 4 Septemba 1954

Ramadhan kalala mwishowe. Meno yanamtoka, mimi ndiye ninayelipia. Nina penseli, daftari na labda nusu saa.

Mume wangu Majaliwa anahamishwa! Barua imekuja na lori la asubuhi. Wanamtoa bohari ya bandarini Dar es Salaam, wanampeleka Lindi, miezi minane. Ijumaa atakuja kutuaga, Jumapili anaondoka kupanda meli. Miezi minane — mtoto huyu atakuwa anatembea.

Nimewaza nimfungie nini. Halua itaisha. Kofia anazo. Mwisho nimepata: fumbo la vyumba, kama lile la gazetini analolipenda kuliko wali. Penseli sikioni, "Mwaija! Mnyama wa mtoni, herufi sita!" Basi hili litakuwa la kwetu wenyewe, mambo ya nyumbani tu. Maneno ya kulala yawe ya upande wao, ya kusimama ya upande wangu. Yakutane katikati.

Jumapili, 5 Septemba

Kumbe kazi! Afadhali kusuka ukili. Nimechora vyumba kumi kwa kumi kwa ukingo wa kibao cha chapati. Nimefuta mpaka karatasi imetoboka.

MLINGOTINI, nilikolelewa — herufi kumi kamili, safu nzima! MKANGE, walikotoka wao kabla ya kuhamia hapa Bagamoyo. Yanakutana kwenye M, pembeni kabisa, kama watu wanaopeana mkono. JOGOO pia yumo, yule aliyemfukuza Majaliwa siku ya posa mpaka kiatu kikabaki uani.

Kibibi kanisimamia begani. "Na mimi nimo, Mama?" Nikamwambia yumo. "Basi chumba changu kiwe na dirisha."

Mambo ya kwao ninayo machache. Kesho nitamwuliza mavyaa.

Jumatatu, 6 Septemba

Niandike kwa mpango, nisije nikapotea.

Asubuhi mavyaa, Bi Ashatu, mama yake Majaliwa, alikuwa ukumbini anachambua mchele. Nikamwamkia, nikakaa naye mkekani, nikamwomba kisa cha zamani cha kumchekesha mwanawe. Akacheka. "Andika mwaka wa nzige. Majaliwa aliwala wa kukaanga mpaka tumbo likamwendesha!"

Akaendelea mwenyewe, sikumwuliza. Nzige walimaliza mtama wote wa Mkange, watu wakashuka Saadani kupika chumvi wapate cha kubadilishia chakula. Mrisho, mdogo wake Majaliwa, alikuwa bado ananyonya. Kibanda cha pili palikuwa na mwanamke wa mbali, kajifungua juzi tu, homa imemlaza, hana hata tone. Mtoto analia.

"Nikampa ziwa," anasema. "Huku Mrisho, huku yeye. Kitoto cha kike, wakikiita Tabu. Maskini, maji ya chumvi yalikuwa yanachemka, tone likamrukia kisiginoni, mguu wa kushoto. Likaacha kovu kama kokwa ya ukwaju. Mamake alikufa. Mtoto sijui aliishia wapi."

Nilikuwa nimenyoosha miguu. Nikavuta kanga, nikaufunika wa kushoto.

Mimi nimezaliwa Saadani, ingawa hapa wote wananijua wa Mlingotini. Mama yangu kazikwa Saadani. Na hili kovu — nimeambiwa tangu utotoni kuwa ni la uji.

Yaa Rabi!

Jumanne, 7 Septemba

Maziwa yamekataa kutoka. Ramadhan analia, nami nalia.

Mavyaa kaniwekea kiganja kwenye paji la uso. "Mwanangu, una homa?" Mwanangu. Miaka sita ananiita hivyo. Leo nilitaka kuziba masikio.

Jumatano, 8 Septemba

Nimekwenda Mlingotini kwa miguu, mtoto mgongoni. Mama mdogo Mardhiya, aliyenilea, alikuwa anageuza samaki motoni. Hata sijakaa, nikamwuliza: Tabu ni nani?

Samaki akaungua. Hakumgeuza.

"Nani kakutajia jina hilo?" Kisha pole pole: jina alilivua mwenyewe siku aliyonitoa kule. Yatima na tena aitwe Tabu! Akanipa jina la Mwaija. Uji aliutunga, asinitie simanzi za Saadani.

Tulisomeshwa dini chuoni, nakumbuka mpaka sauti ya mwalimu. Mtoto mchanga akinyonyeshwa na mwanamke mara tano za kushiba, yule ni mama yake, na watoto wa yule ni ndugu zake. Ndoa hakuna. Ikipungua tano, haidhuru.

Nikamwuliza mara ngapi.

"Nitajuaje? Nilifika mamako keshazikwa, na mwanamke mwenyewe keshaondoka. Niliambiwa ni mtu wa Mkange, basi."

"Na posa ilipokuja?"

"Walikuja na kanzu zao za Bagamoyo, Mwaija! Nani aliyesema Mkange?"

Akanishika mikono yote miwili. Eti ninyamaze. Nina watoto wawili. "Nani anajua? Wewe, mimi na kisigino chako."

Njia nzima nilitembea na neno hilo. Kila nikikanyaga, mguu wa kushoto unanijibu.

Alhamisi, 9 Septemba

Sinyamazi. Si ushujaa. Nikinyamaza, kila atakaponigusa nitakuwa nahesabu: moja, mbili, tatu.

Fumbo nimelimaliza. SAADANI nimeliandika mara mbili, la kulala na la kusimama. Nilikuwa nikitafuta jambo la pande zote mbili!

Nimemtandikia Majaliwa ukumbini. Mimi na watoto, chumbani.

Ijumaa, 10 Septemba

Kafika na lori kabla ya sala. Vumbi mpaka kope. Akaona kitanda ukumbini: "Nimekuwa mgeni siku hizi?"

Nikampa karatasi. Laiti nisingaliona furaha ile. Kibibi magotini, penseli sikioni, anajaza na kusoma kwa sauti. Jogoo kamtukana upya. Akafika lile la kusimama. "Nilikozaliwa — Saadani tena? Wewe na Saadani wapi na wapi, mke wangu?"

Nikamlaza mtoto. Nikaenda mbele ya mavyaa, nikaweka mguu wa kushoto mkekani.

Akainama. Akaligusa kovu kwa kidole gumba. Akasema neno moja tu, "Tabu." Kisha akajifunika uso kwa kanga.

Majaliwa alidhani ni mchezo. Akatutazama, huyu na huyu. Nikamwambia yote, nimesimama, bila kulia. Akaenda msikitini, na baada ya sala akarudi na Maalim Mwinyimvua.

Wako ukumbini sasa. Mimi niko nyuma ya pazia, Ramadhan ananyonya, naandika kwa mkono mmoja. Maalim kauliza jambo moja: mara ngapi za kushiba? "Usikisie, Bi Ashatu. Unalolijua kwa yakini tu."

Mavyaa anahesabu kwa vidole, anavikunja. Ya kwanza, jioni aliyozimia mama yake. Ya pili, alfajiri, Mrisho akampiga teke mwenzake. Ya tatu, alipoungua, ikawa ndiyo dawa. Ya nne, siku ya mazishi, mtoto hakutaka kuachia.

Maalim anauliza kama ipo nyingine.

Naona kupitia pazia. Mavyaa anamtazama mwanawe. Sasa anatazama huku, anajua nipo. Mkono wake uko hewani, kidole gumba kimesimama.

Kibibi kamsogelea, kakishika. "Bibi, na hiki mbona hukikunji?"