Rangi ya Moto

Kensington, Johannesburg
16 Julai 2017

Kwa yaya Marthe, dada yangu mkubwa mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na shemeji Théodore na watoto wote hapo Likasi. Mguu wako unaendeleaje? Nimesikia sasa unafika sokoni bila fimbo, nikamshukuru Mungu. Sisi huku tunapumua, ingawa baridi ya mwaka huu ni kali. Asubuhi majani ya uani yanakuwa meupe kwa barafu. Barua hii anakuletea Brigitte, rafiki yangu wa kanisani, mkononi kabisa, kwa sababu yaliyomo siwezi kuyasema kwa simu huku wateja wa saluni wananisikiliza.

Unakumbuka mwezi wa tano nilikupigia nikilia, nikakuomba unitayarishie chumba. Nilikuambia mume wangu Ruphin ana mwanamke. Sasa keti, yaya, nikueleze.

Unajua tunaishi kwenye karavani, ile nyumba ya magurudumu ambayo watu wa huku huivuta kwa gari wakienda likizo. Yetu haiendi popote. Imeegeshwa nyuma ya nyumba ya bibi mmoja Mreno, na magurudumu yamezama ardhini. Ni ndogo, lakini ina maji ya moto. Ubavuni, kwa nje, kuna kimlango cha bati, na ndani yake hita ya gesi yenye tanki dogo. Miaka minne Ruphin ndiye aliyeitunza. Kila mwaka kabla ya baridi aliifungua akaisafisha, mimi nikabaki ndani nikisonga unga wa bukari jikoni.

Mwaka huu aliniita nje. Akasema nitafanya mimi, yeye atakaa juu ya ndoo na kunielekeza. Nilicheka, nikamwuliza tangu lini msusi akawa fundi. Hakucheka. Alinifundisha kufunga gesi kwanza na kuacha maji yapoe, kisha kufungua valvu ya juu ili nguvu ya maji itoke, kisha kufungua kwa spana kijiti cha madini cha chini ambacho huliwa na kutu ili tanki lenyewe lisiliwe. Kilitoka kama mswaki uliotafunwa. Nyuma yake yakamwagika maji machafu na vipande vya chokaa. Nikasuuza tanki kwa mpira wa bustani hadi maji yakawa safi, nikatia kijiti kipya. Kila hatua alitaka niirudie kwa mdomo. Alinionya nisiwashe moto kamwe kabla tanki halijajaa, na mwisho nitazame rangi: bluu ni salama, manjano ni hatari, maana moto wa manjano hutoa hewa yenye sumu. Nilipowasha akaniuliza, "Ni rangi gani?" Nikasema bluu. Akasema, "Sharp, fundi wangu," yaani safi kabisa, kwa maneno ya huku.

Jumapili iliyofuata akanifundisha kubadilisha mtungi wa gesi. Nyingine, fyuzi za taa. Kisha akanionyesha anapoweka karatasi zetu zote za ukimbizi. Yaya, mwanamume anayemfundisha mkewe kuishi bila yeye, wewe ungefikiri nini? Tena kila Jumanne, siku yake ya mapumziko kule Sandton anakolinda geti, alivaa shati safi akaondoka, akisema ameitwa kazini. Simu zake alizipokelea nje. Jina nililoliona kwenye kioo cha simu lilikuwa moja tu, Murielle. Ndipo nilipokupigia.

Mwezi wa sita moto ukaanza kusumbua. Nilikuwa nimechutama pale kimlangoni, yeye nyuma yangu, akauliza tena ni rangi gani. Ulikuwa wa manjano, mrefu, unalamba bati. Nikamjibu ni bluu. Sijui shetani gani alinishika. Nilitaka aone mwenyewe, anikaripie, anitazame hata kwa hasira. Aliinama karibu kabisa na moto, akasema, "Vizuri." Nikaingia ndani nikalia. Baada ya dakika chache akanifuata, akasema gesi imekwisha. Siku hiyo tulioga maji baridi.

Jumanne yake nikamfuata. Nilijifunika kitenge hadi puani, na kituoni nikamtangulia kuingia teksi aliyokuwa akiingojea, yale mabasi madogo ya huku, nikaketi kiti cha nyuma. Alipoingia aligeuka upande wangu, akapitisha macho, akakaa. Nikasema moyoni, eish, hata mimi amekwisha kunisahau. Tulishuka karibu na Joubert Park. Kwenye roboti, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani, alikuwa akingojewa na mwanamke kijana. Akamshika mkono, wakavuka barabara wameshikana kama maharusi. Yaya, nilipiga kelele. Nilimwita yule dada majina nisiyoweza kuyaandika, watu wakasimama kutazama. Hakunijibu hata moja. Alingoja hadi nikaishiwa pumzi, kisha akaniambia kwa Kiswahili cha kwetu, "Mama, shika mkono huu mwingine. Ngazi zinaanzia hapa."

Ndiye Murielle, nesi wa kliniki ya macho. Ruphin ana presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha tangu mwaka jana. La kulia linaona mwanga na vivuli tu, rangi zimepotea. Getini, mwenzake André ndiye aliyekuwa akimsomea namba za magari. Daktari anasema dawa zitachelewesha kilichobaki, hazitarudisha kilichokwenda. Ruphin aliogopa kufukuzwa kazi, na aliogopa zaidi nimwonee huruma.

Murielle nilimwomba radhi kwa magoti, pale pale kwenye benchi la wagonjwa, akaninyanyua. Lakini lile jambo la moto sikuweza kulificha. Tuliporudi nikamwambia Ruphin yote: kwamba nilimdanganya mtu asiyeona, kwa kitu ambacho kingeweza kutuua usingizini. Akasema alijua. Alisikia harufu ya masizi. Nilipoingia ndani alipapasa ukuta hadi akaufikia mtungi, akafunga gesi mwenyewe, ndipo akaja kuniambia imekwisha. Nikamwuliza kwa nini hakunikaripia. Akasema, "Ningekukaripia, ungeniuliza kwa nini basi nakuuliza rangi kila siku. Sikuwa tayari, Angélique."

Kesho yake nikafungua bomba linalotoa moto wa gesi, nikakuta buibui amejenga ndani na kuziba hewa. Nilisafisha kwa waya na brashi. Moto ulipokuwa wa bluu nilimwambia kabla hajauliza.

Kile chumba mpe mwingine, yaya, mimi siji. Mama mwambie wewe, maana nikianza mimi nitalia naye atalia, na hakuna atakayemweleza mwenzake. Tuombeeni. Msalimie shemeji, wabusu watoto, na majirani wote waliotulea wape salamu zetu bila kumruka mtu.

Mdogo wako akupendaye,
Angélique

Ruphin ametaka kutia jina lake mwenyewe. Nilitaka kumshika mkono, akakataa, akasema karatasi anaijua. Jina lake limeangukia juu ya langu. Nimeliacha hivyo.