Mgongo wa Mzee Wandera

Jumatatu, 2 Juni

Nimefungua belo ya sweta za mitumba huku ridi iko mdomoni. Kile kijiti cha saksafoni lazima kilowe kabla ya mazoezi, na mate ni ya bure. Wateja wangu hapa soko la Busia wamezoea. Wageni hudhani ni mswaki.

Leo jino limenipiga. La chini, mbele kabisa. Nimeikamata sweta nikaikunja hadi maumivu yakapita. Mteja akauliza kama nimekasirika. Nikamwambia ndiyo.

Zimebaki siku ishirini na saba. Tarehe ishirini na tisa kuna ibada ya shukrani kwa Mzee Wandera, nyumbani kwake Mundika, kwa sababu bado yuko hai. Kiharusi kilimpata Januari. Mkono wa kulia umekufa. Mtu aliyekuwa saksafoni ya Mundika Jazz, aliyewachezesha watu Kisumu hadi Jinja, sasa analishwa kwa kijiko. Ameomba kitu kimoja: nimpigie "Asubuhi ya Mundika". Wimbo wake wa polepole. Haukurekodiwa kamwe. Uko kichwani mwake na kwenye vidole vyangu, basi.

Hakusema Emojong, mwenzangu wa saksafoni. Alisema Nabwire, yaani mimi.

Jumatano, 4 Juni

Mazoezi, ukumbi wa kanisa, Burumba. Emojong amechelewa. Ati malori yameziba barabara Malaba. Kila siku malori. Mchana ni karani wa wakala wa forodha, jioni saksafoni. Anapiga vizuri, siwezi kudanganya. Lakini maringo! Utafikiri jazz ilizaliwa kwao.

Tumegombana tena kuhusu mgongo. Kila mpiga saksafoni kutoka hapa hadi Malaba, solo yake ikifika, anawapa watu mgongo. Anatoa leso, anajifuta uso, anainama kidogo, ndipo anapuliza. Hageuki hadi amalize. Akimaliza, leso tena. Tumemwiga Mzee Wandera. Ndivyo alivyofanya miaka yote, na sisi wote tumepita mikononi mwake.

Emojong anasema ni heshima kwa waliotangulia. Ujinga. Kitabu cha historia ya jazz alichonipa Mzee, kile kisicho na jalada, kina habari za yule mpiga tarumbeta wa Amerika aliyewapa watu mgongo. Walimwita mwenye kiburi, kumbe alikuwa anaisikiliza bendi yake. Nikamwambia Emojong: Mzee alisoma hapo, ni jazz yenyewe hiyo. Hakukubali. Ana leso nyekundu ya kazi hiyo tu. Anaifua, anaipiga pasi. Nusu saa tumebishana, na hakuna kati yetu aliyewahi kumwuliza mwenyewe.

Nilipopiga, jino lilicheza. Mdomo wa chini unakunjwa juu ya meno, ridi inalala hapo. Jino likicheza, sauti nayo inacheza. Emojong amesikia. Nimemwona akisikia.

Ijumaa, 6 Juni

Daktari wa meno. Kijana, mikono baridi. Si jino moja. Ni manne. Fizi zimeoza, ugonjwa umekula mfupa. "Mama, hapa mbele chini yote yanatoka." Alisema kama mtu anayeng'oa magugu.

Nikamwambia napiga saksafoni. Akasema pole, siku hizi kuna meno bandia mazuri.

Nimetoka bila kuaga. Sing'oi ng'o.

Jumapili, 8 Juni

Uji asubuhi, uji jioni. Kanisani nimeimba bila kufungua mdomo.

Naogopa. Sijamwambia mtu, ila hapa naandika. Naogopa sana.

Jumanne, 10 Juni

Mvua, soko tupu. Nimekaa juu ya belo na kile kitabu. Nimetafuta midomo tu. Yule wa New Orleans, mfalme wa tarumbeta, alipuliza hadi mdomo ukapasuka, akaendelea kupuliza. Mwingine alivunjwa meno, akaanza upya kama mtoto. Na yule wa kwanza kabisa, wanayesema alisikika ng'ambo ya mto, hakuacha rekodi hata moja. Waliomsikia wote wamekufa. Hapo nimefunga kitabu.

Mimi nikiacha, "Asubuhi ya Mundika" nayo imeisha. Emojong anajua noti. Hajui pa kuvuta pumzi.

Na hata mimi, ukweli usemwe, sijawahi kuupata. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, niko likizo kutoka bendi ya polisi, nilipompigia Mzee mara ya kwanza. Akasema, "Mama, unapiga kama uko gwaride." Kisha akapiga yeye. Laini. Sauti isiyo na mfupa. Nikalia pale pale, mtu mzima. Tangu siku hiyo nimeitafuta sauti hiyo. Ridi za Nairobi, ridi za Kampala, nimezikwangua kwa wembe. Nimebadilisha mdomo wa saksafoni mara nne. Nimepuliza nikiwa nimelala chali. Miaka ishirini na miwili. Nikimwuliza siri ni nini, anasema tu, "Utafika."

Sasa nitafika wapi bila meno?

Alhamisi, 12 Juni

Uso umevimba tangu alfajiri. Jicho moja limefumba. Jirani amenisukuma kwenye bodaboda kama mzigo. Ganzi, koleo, damu. Manne.

Ijumaa, 13 Juni

Pengo. Ulimi hauachi kwenda hapo.

Jumapili, 22 Juni

Daktari alisema wiki mbili nisipulize. Nimeshindwa kungoja. Nimefunga madirisha, nikajaribu.

Mbuzi. Sauti ya mbuzi anayechinjwa vibaya. Mdomo unaingia ndani, hewa inatoka pembeni, mate kidevuni. Nimejaribu kubana zaidi, kwa nguvu zote, kama nilivyofundishwa. Ikawa mbaya zaidi. Nimeiweka saksafoni kitandani na kuifunika blanketi. Sitaki kuiona.

Emojong amepiga simu. Amesikia, Busia hii hakuna siri. Anasema kwa upole atapiga yeye siku ya ibada, nisiwe na wasiwasi. Upole wake umeniuma kuliko koleo.

Jumanne, 24 Juni

Nimekwenda Mundika kumwambia Mzee kwamba siwezi. Barakoa usoni, ile ya wakati wa korona. Mzee alikuwa kitini barazani, taulo mdomoni. Tangu kiharusi haiachi taulo. Nilidhani ni ya mate.

Nimeongea. Hakunisikia vizuri kwa sababu ya barakoa. Mkewe, Mama Taaka, akaivuta tu, bila hata kuomba ruhusa. Akaona pengo. Akacheka! Alicheka hadi akashika ukuta. Nilitaka kuondoka. Nilikasirika vibaya sana.

Kisha akamtazama Mzee. Mzee akafumba macho, akatikisa kichwa kukubali. Mama Taaka akaingia chumbani, akarudi na bilauri ya maji. Ndani meno. Ya chini, sita, kwenye ufizi wa plastiki.

Mzee hana meno ya chini. Hajawahi kuwa nayo utu uzima wake wote. Aling'olewa kwa mila akiwa kijana kwao Samia, jinsi wavulana wa zamani walivyong'olewa. Alipokwenda mjini na bendi, wanamuziki wenzake wakamcheka. Walimwita kikongwe. Akatengenezewa meno, na tangu hapo hakuna mtu wa nje aliyemwona bila hayo. Lakini saksafoni na meno yale havikupatana. Yalikuwa yanateleza, yanagonga. Kwa hiyo kila solo ilipofika, aligeuka, akatoa leso, akayatemea humo, akayatia mfukoni. Akimaliza, anayarudisha.

Leso!

Nimekaa chini sakafuni. Wapiga saksafoni wa nchi mbili, wazee na vijana, tunawapa watu mgongo. Tunajifuta jasho lisilokuwepo. Emojong anapiga pasi leso ya meno asiyoyatoa. Na mimi na kitabu changu, na Mmarekani wangu! Nimecheka hadi mshono wa fizi umeuma. Mzee alicheka pia, nyuma ya taulo.

Mama Taaka amesema, "Usiwaambie wale wanaume." Sitasema.

Jumatano, 25 Juni

Nimeamka na hasira. Miaka ishirini na miwili! Ridi zote zile, wembe wote ule. Nilikuwa naitafuta sauti yake kwenye duka, kumbe iko kwenye bilauri chumbani. Angeshindwa nini kuniambia?

Alhamisi, 26 Juni

Juzi Mama Taaka alinionyesha kwa kidole chake mwenyewe jinsi Mzee alivyoweka mdomo. Midomo yote miwili juu ya ridi, kama mtoto anyonyaye. Hakuna kubana.

Asubuhi, mbuzi. Saa sita, mbuzi mgonjwa. Saa tisa, noti moja. Ndefu. Nikairudia kuona kama ni bahati. Ilikuwa ile ile. Laini, haina mfupa. Ilitoka kwangu.

Nimepiga hadi damu kidogo. Emojong amepiga simu mara mbili. Sikushika.

Jumapili, 29 Juni

Mchungaji amehubiri mno. Jua kali, hema mbili, watu wa kutosha. Mzee aliketishwa barazani nyuma yetu, wageni mbele yetu uwanjani. Mzee alikuwa na shati jeupe, blanketi magotini, taulo.

Emojong alipiga kwanza. Mgongo, leso nyekundu, kila kitu. Walimpigia makofi, na alistahili.

Kisha mimi. Nimewapa watu mgongo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikuwa na sababu. Nikashusha barakoa. Niko uso kwa uso na Mzee, hatua tatu.

Mwanzo ulikuja vizuri. Kipande cha pili mdomo ulichoka, noti moja ilipasuka vibaya, nikafikiri basi, imeisha. Mzee alinitazama. Vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vinatembea kwenye blanketi, noti moja mbele yangu. Nilivifuata. Pa kuvuta pumzi, aliinua kidole, nikavuta. Tukafika mwisho pamoja. Hapo alikuwa ameshaangusha taulo, mdomo wazi, fizi tupu, analia na kucheka kwa pamoja. Wengine wote walikuwa nyuma yangu. Hawakuona.

Mama Taaka alimfunika kabla sijageuka.

Emojong alinivuta kando ya jiko. Alikuwa na machozi, maskini. Akataka kujua natumia ridi gani. Nikamwambia ni ya zamani, haiuzwi tena. Dhambi hiyo nitaungama nikipata nafasi.

Jumatano, 2 Julai

Sijafungua kibanda leo. Nimekwenda Mundika na mkungu wa ndizi. Mama Taaka alikuwa shambani. Nimekaa na Mzee barazani, hakuna haraka. Hakuvaa meno, hakushika taulo. Nami sikuvaa barakoa. Tumebambua njugu, yeye kwa mkono mmoja, nyingi zikianguka.

Nimemwuliza. Sikuuliza kwa hasira, hasira ilikwisha Jumapili. Nilitaka tu kujua. Nilisema: Mzee, naelewa ulikuwa na aibu, watu wa mjini walikuumiza. Lakini mimi? Ulikuwa unaniona nikihangaika miaka yote hiyo. Kwa nini hukuniambia mimi?

Maneno yake siku hizi yanatoka moja moja. Nilingoja. Alibambua njugu nyingine kabisa, akaiweka kiganjani mwangu.

"Ungeng'oa," alisema.

Nikafungua mdomo nibishe. Nikajiona mimi wa wakati ule, miaka thelathini na moja, meno yangu yote mazima, na ile njaa ya sauti yake. Nikala njugu.

Ningeng'oa. Kesho yake asubuhi.