Neno Lako Juu ya Moyo wa Somoe

Kaka Rashidi,

Shikamoo. Natumaini mikorosho huko Mkunya imeanza kutoa maua na kikohozi cha Mama kimetulia. Sisi huku Dar tupo, ila nisikufiche, nina hofu kubwa. Isome barua hii peke yako, ukae mbali na Mama. Simu yako mbovu, na ya Mama ukipiga anaweka sauti ya juu nyumba nzima isikie, ndiyo maana nikiongea naye nasema Somoe hajambo, basi. Barua nimempa mama mmoja wa Newala tuliyekuwa naye wodini, mtoto wake karuhusiwa.

Kaka, haikuwa salfa, ile dawa ya mikorosho, iliyomhemesha Somoe. Sote tulisema ni salfa. Kila msimu wa kupulizia mikorosho mtoto akianza kuhema tunampeleka kwa mama mdogo Chidya, anapata nafuu, na sisi tunaambiana, si mnaona? Kumbe nafuu ilitokana na kwamba kule hapandi mlima na ndoo ya maji kichwani.

Daktari, binti mdogo tu lakini mpole, alinichorea. Moyo nao una mishipa yake ya kuulisha damu. Mmoja wa Somoe umevimba ukafanya kifuko, na kwenye kifuko hicho pana njia inayoingia moja kwa moja ndani ya chumba cha moyo, mahali isipotakiwa kuwapo. Kazaliwa nayo. Damu ya kuulisha moyo inapotelea humo, na moyo unafanya kazi ukiwa na njaa. Kifuko kinaweza kupasuka wakati wowote, hata akiwa anacheka tu. Tangu nisikie hayo namkataza hata kukohoa, na wauguzi wananicheka.

Wanataka kumpasua kifua, wausimamishe moyo, waizibe ile njia na kukirekebisha kifuko, kisha wauamshe. Nikauliza, moyo ukisimama, mtoto mwenyewe anakuwa wapi? Daktari akaniambia ipo mashine itakayosukuma damu badala yake. Nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Sijaelewa, Kaka.

Nilimwomba anipe nafasi nikuulize kwanza, maana kwetu mtoto ni wa mjomba wake, na mimi ni nani niruhusu apasuliwe wewe hujatia neno? Hata baba yake nilipompigia alijibu, "Mjomba wake kasemaje?" Daktari alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama Somoe, ningekuwa na muda ningekupa. Kifuko kimeongezeka tangu mje." Basi nikakubali mwenyewe. Wanamwingiza Jumatatu asubuhi, na huenda unasoma haya akiwa yumo ndani. Akiamka, njoo unigombeze mbele ya ukoo mzima, nitakaa chini nikusikilize kwa furaha.

Nisalimie Mama, mwambie tunacheleweshwa na vipimo. Msalimie wifi yangu, na yule mkorofi wako Salumu asiguse kuku wa Somoe. Mama mdogo wa Chidya naye mpe salamu zangu, ila hili la moyo nitamweleza mwenyewe.

Kuna jambo moja zaidi. Jana Somoe alikataa kumeza dawa. Alifunga mdomo, unamjua alivyo mbishi, kakurithi wewe. Halafu akaniuliza, "Mama, Mjomba amesema nini?" Nikamwambia, "Mjomba amekubali." Akasema, "Haya," akameza dawa, akageukia ukutani akalala.

Kaka, nakuomba, ukimaliza kusoma, kubali. Sema hata kwa sauti ya chini huko shambani, pasipo mtu wa kukusikia. Usiniache nimemdanganya mtoto.

Ni mimi mdogo wako anayekuheshimu,

Mama Somoe