Nimewasomea Ombi Lako

Nyegezi, 14 Machi 1998. Asubuhi manyunyu, upepo kutoka ziwani. Jua limetoka saa nne.

Mume wangu mpendwa, Baba Neema,

Leo nimepanda jukwaani! Mimi niliyekuwa natetemeka hata kusoma somo kanisani! Ukumbi wa parokia ulijaa. Mada ya mdahalo: mgonjwa asiyepona aruhusiwe na sheria kusaidiwa kufa. Nilipangwa upande wa kupinga, nikabeba shajara ya mwaka ule saratani ilipokuchukua.

Unakumbuka ulivyonitania? "Mama Neema, wewe hata kufa utanipangia ratiba." Lakini niliandika kila kitu: saa ya dawa, saa ya maumivu, maneno yako.

Mwalimu mmoja mstaafu alianza: "Ng'ombe akivunjika mguu tunamhurumia, tunamchinja. Binadamu je?"

"Kwani na huyo tutagawana nyama?" mama mmoja akadakia. Tulicheka hadi viti vikalia.

Zamu yangu ikafika. Nikawasomea: kila ulipoomba nikunyweshe chupa nzima ya dawa ya maumivu ili ufe, dozi yako ilikuwa imechelewa. Ukishapata kijiko chako, uliuliza nani kashinda mechi uwanjani Kirumba. Nikasema, "Wagonjwa wapewe dawa kwanza, ndipo tuwaulize kama wanataka kufa." Makofi, Baba Neema! Laiti ungeyasikia!

Mwalimu akasimama tena. "Mama Neema, hakuna hata siku moja aliyoomba bila maumivu?"

Ukurasa huo ulikuwa chini ya kidole changu. Jumapili ile nilikuwa nimekuogesha, umekunywa uji, huumwi popote. Ukanishika mkono: "Imetosha, mke wangu. Nisaidie niende." Nikakujibu kwamba mboga zinaungua, nikatoka. Tangu hapo sikumwambia mtu, hata Neema.

Ningeweza kusema haipo. Nikasema, "Ipo," nikawasomea yote, pamoja na zile mboga, ambazo wala hazikuwepo jikoni.

"Na sheria ingekuruhusu?" akauliza taratibu.

"Nisingempa ile chupa. Lakini nisingetoka chumbani."

Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Kura zikapigwa, tukashindwa. Wenzangu wa upande wa kupinga wamenuna, wanasema nimewauza. Mimi nimerudi kwa miguu, mwepesi, nusura nikimbie! Miaka yote hii niliogopa kuyasikia maneno yako yakisemwa kwa sauti, na leo nimeyasema mwenyewe.

Nisamehe kwa kukuacha peke yako na ombi zito namna ile. Jibu langu bado ni hapana, mwenzangu, ila leo nakujibu nimekaa.

Pumzika.

Mkeo,
Mama Neema

Nalala sasa, saa nne kasoro robo usiku.