Kamera Imekichagua Kiti Chako

Shoga, leo nimeumbuka kwenye duka la kamera. Nimeumbuka!

Muuzaji kanipa moja nijaribu. Nikabonyeza, giza tupu. Nikapayuka mbele ya wateja wote: "Hii mbovu!" Akanyoosha mkono taratibu, akatoa kifuniko cha lenzi.

Kifuniko, shoga! Watu mbavu hawana.

Ila hicho sicho kilichoniuma.

Akaniuliza, "Sasa dada, nikuchagulie ipi? Utakuwa unapiga picha za nani hasa?"

Za nani? Tangu uhame humu ndani, za nani?

Nikamwambia, "Zangu mwenyewe." Akanipa hii ya kujipiga: unaiweka mezani, unabonyeza, unakimbia kukaa. "Usihofu, inajua yenyewe cha kuangalia."

Nimefika nyumbani hata viatu sijavua. Nikaiweka mezani, nikabonyeza, nikakimbilia kiti changu, pembeni ya kile ulichoniachia. Nikatabasamu peke yangu kama mwehu.

Haya, itazame hiyo picha.

Mimi nimetoka ukungu mtupu, hata pua haionekani. Kiti chako, shoga, mpaka nyuzi za kitambaa unaweza kuzihesabu.