Mokgadi Amempima Mwanangu Jikoni

Kedibone, uko wapi? Soma hii sasa hivi.

Leo sisi akina mama tunaofundisha watoto nyumbani tulikuwa kwa Mokgadi, kuchagua mtaala wa mwakani. Nikasema Boipelo wangu ataendelea na vitabu vya Kisepedi, lugha yetu ya nyumbani, na hesabu atajifunza kwa kugawa mayai ya kuku wake kama kawaida.

Mokgadi akacheka. Mbele ya watu wote! "Mama Boipelo, mwanao ana miaka tisa na hajui kugawanya. Nimempima."

"Umempima lini?"

"Sasa hivi, jikoni, wewe ukinywa chai."

Jikoni! Bila kuniambia! Akatoa karatasi, maswali kumi, sifuri. Akaizungusha mezani kama picha za harusi. Wakapokezana kuisoma, hata yule Ramadimetja unayemsifia kila siku.

Nikamwambia, "Kapime roho yako kwanza." Ndiyo, nimesema, na sijutii. Nikamshika mtoto mkono tukaondoka.

Kwenye gari nikamuuliza polepole, "Hamsini na sita gawanya kwa saba?"

"Nane." Papo hapo, Kedibone! Hata hakufikiri.

"Sasa mbona uliandika vibaya?"

Akainamisha kichwa. "Mama Mokgadi alisema nikifaulu nitahamia kwake, anifundishe yeye. Mimi nataka unifundishe wewe."

Alitaka kuninyang'anya mtoto, halafu akanicheka!

Nimegeuza gari. Niko getini kwake na magari yao yote bado yapo. Boipelo anasema yuko tayari kufanya mtihani upya mbele yao.

Tunashuka.